Maua ya Majira ya Kuchipua Nyumbani: Mabichi, ya Picha au ya Nakshi?

Mnamo Februari 1890, Vincent van Gogh, akiwa bado anatibiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, alianza kuchora matawi ya mlozi yaliyochanua mbele ya anga la buluu. Mdogo wake Theo alikuwa amepata mtoto wa kiume mwishoni mwa Januari, akampa jina la Vincent, na mchoraji akamwandikia mama yao kwamba picha hiyo ni ya kutundikwa katika chumba cha kulala cha wazazi wa mtoto. Leo picha hiyo iko katika makumbusho ya Van Gogh mjini Amsterdam, na wengi wetu tuliiona kwenye miavuli, mikoba na vifuniko vya simu kabla hatujajua kuwa ni mchoro. Hata hivyo, ilizaliwa kama pambo la nyumbani: mtu alitaka kuwapa ndugu zake maua ya mlozi ambayo hayangedondoka baada ya siku chache.

Anayetaka maua ya majira ya kuchipua ndani ya nyumba yake yuko katika njia panda ileile. Anaweza kununua maua yenyewe, anaweza kutundika picha yake, au anaweza kuyaacha yatande kwenye pazia, foronya na karatasi ya ukutani. Kwa kawaida watu huchagua kwa kuuliza kipi kitadumu zaidi, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kudumu na kuonekana ni mambo mawili. Ua hufa kabla jicho halijalizoea, ilhali picha huendelea kuning'inia miaka mingi baada ya jicho kuacha kuiona. Kwa hiyo katika ulinganisho huu nitauliza jambo moja kwa kila njia: ni kwa muda gani utakuwa ukiitazama kweli, na ni kazi gani itakudai ili uendelee kuitazama?

Maua mabichi

Chukua tulipu kumi na uziweke mezani unapokaa kila siku. Siku ya kwanza zimesimama wima, matumba yamefumba kama ngumi, na ukweli ni kwamba hazisisimui sana. Siku ya tatu vikonyo vimerefuka kwa sentimita kadhaa, maana tulipu huendelea kukua hata baada ya kukatwa, na zote zimepinda kuelekea dirishani kana kwamba kuna mtu ameita kutoka nje. Chumba kikipata joto hufunguka, kikipoa jioni hujifunga. Siku ya sita petali zimelegea na kuachama hadi unaona ndani kabisa, kwenye doa jeusi lililo chini ya stameni. Baada ya hapo zinaanza kudondoka, na nyumba ikiwa kimya utasikia petali ikigusa meza. Hakuna picha inayobadilika hivyo, na hiyo ndiyo nguvu ya maua mabichi: yanakulazimisha utazame tena, kwa sababu ya leo si yale ya jana.

Gharama ya nguvu hiyo ni uangalizi, ingawa si mkubwa. Tulipu hupenda maji machache na baridi, chombo kirefu kiasi cha nusu ya vikonyo, na ncha za vikonyo zikatwe kwa kisu kikali kila baada ya siku mbili. Zisikae karibu na bakuli la matunda yaliyoiva, kwa kuwa matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua upesi. Chombo nacho kiwe na uzito. Niliwahi kuziweka tulipu ndefu katika bilauri nyepesi, na asubuhi ya tatu nilikuta zimeivuta bilauri ikaanguka na vitabu viwili vimeloa.

Dafodili zina tabia yake. Ukizikata hutoa utomvu unaoteleza, na utomvu huo huziba vikonyo vya maua mengine, hasa tulipu, yakiwekwa katika maji hayohayo. Anayetaka kuzichanganya aziache kwanza peke yake ndani ya maji kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha, kisha azihamishie katika maji mapya bila kuzikata tena. Mimi huona ni afadhali ziachwe peke yake. Rangi ya manjano ya dafodili haitaki mwenzi.

Ambaye hataki kununua maua kila wiki ana njia mbili zilizo polepole zaidi, nazo nazipendelea. Ya kwanza ni tawi. Tawi la mlozi, mcheri au mti mwingine unaochanua mapema, likikatwa mwishoni mwa majira ya baridi wakati matumba yameshaanza kuvimba, likawekwa katika maji ndani ya chumba chenye joto, litachanua baada ya wiki moja hadi tatu. Katika muda huo unatazama kitu ambacho bado hakijatokea, na utagundua kwamba kusubiri nako ni sehemu ya pambo. Tawi moja lililokaa upande, lenye nafasi tupu kuzunguka, linatosha meza nzima. Van Gogh alijifunza jambo hilo kutoka kwa michoro ya Kijapani aliyoikusanya, ndiyo maana matawi yake ya mlozi yamekatwa na kingo za picha, hayana shina wala ardhi.

Ya pili ni tunguu la hayasinti juu ya chupa ya kioo. Chupa hiyo ina kiuno chembamba kinachoshika tunguu, na maji huishia chini kidogo ya kitako chake bila kukigusa, la sivyo kitaoza. Tunguu linahitaji wiki 10 hadi 14 za baridi na giza kabla ya kuletwa kwenye mwanga, na aliyenunua lililokwisha kuandaliwa na muuzaji hupunguziwa muda huo. Mizizi myeupe inayoshuka ndani ya maji ni mizuri pengine kuliko ua lenyewe, ambalo harufu yake ni kali mno kwa chumba kidogo cha kulala. Valia glavu unapolishika, kwa sababu ganda la tunguu la hayasinti huwasha ngozi.

Onyo moja lisilo la mapambo. Matunguu ya tulipu, hayasinti na dafodili ni sumu kwa mbwa na paka, na yungiyungi, yaani lile la bustanini, si la majini, linaweza kuharibu figo za paka hata kwa chavua yake au kwa maji ya chombo chake. Nyumba yenye paka mpanda meza imeshachaguliwa njia: isome sehemu inayofuata.

Picha ukutani

Hoja kubwa ya picha ni kwamba hainyauki. Hoja hiyo ni kweli nusu. Van Gogh mwenyewe alimwandikia Theo kwamba michoro hufifia kama maua, na uchunguzi wa wataalamu wa makumbusho umethibitisha jambo hilo kwa kazi zake mwenyewe. Irisi alizochora Mei 1889, ambazo sasa ziko katika makumbusho ya Getty huko Los Angeles na ambazo sote tunazijua kuwa za buluu, zilikuwa za zambarau, kwa kuwa rangi nyekundu aliyoichanganya na buluu imepauka kwa mwanga. Waridi alizochora mwezi Mei mwaka uliofuata zilikuwa za rangi ya waridi kwelikweli, na leo zinaonekana karibu nyeupe. Kama mchoro wa mafuta unaolindwa na makumbusho umepauka hivyo, nakala iliyochapwa kwa wino hafifu na kutundikwa mkabala na dirisha haina haja ya kujivuna mbele ya tulipu.

Kwa hiyo anayechagua picha aulize mambo matatu kabla ya kutazama ua lenyewe. Wino uwe wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi, kwa kuwa huvumilia mwanga kuliko wino wa rangi iliyoyeyushwa. Karatasi isiwe na asidi, vinginevyo itageuka manjano kingoni. Kioo kikiweza kuzuia miale ya urujuanimno ni vizuri zaidi, lakini hakuna kioo kinachozidi kuitundika picha kwenye ukuta usiopigwa na jua.

Anayejichapishia mwenyewe apige hesabu ya ukubwa. Picha yenye upana wa sentimita 60, kwa vitone 150 kwa kila inchi, ambacho ni kiwango kinachovumilika kwa kitu kinachotazamwa kutoka mbali kidogo, inahitaji faili lenye pikseli 3,540 hivi kwa upana. Faili dogo lililovutwa kwa nguvu hutoa maua yenye ukungu, na ukungu huo utauona kila siku. Kazi za wachoraji waliofariki zamani, kama Van Gogh aliyefariki Julai 1890, kwa kawaida hazina tena kizuizi cha hakimiliki, na makumbusho kadhaa huruhusu watu kupakua picha zake katika ubora mzuri. Kazi za wachoraji walio hai ni jambo jingine.

Tatizo halisi la picha, hata hivyo, ni jicho. Wiki ya kwanza utaisimamia, wiki ya tatu utapita mbele yake ukitafuta funguo. Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani aliyeanza mwaka 1924 kuchora maua yaliyokuzwa hadi kujaza turubai nzima, alieleza kwamba aliyakuza ili hata watu wenye haraka washtuke, wasimame, wayatazame. Somo lake linafaa nyumbani: ua moja kubwa, lililokatwa na kingo za fremu, hushika jicho kwa muda mrefu kuliko fremu sita ndogo za maua yaliyopangwa kwa adabu. Dawa nyingine ni rahisi kuliko hiyo. Weka picha mbili au tatu ndani ya fremu moja, moja nyuma ya nyingine, na ubadilishe ya mbele kila baada ya miezi michache. Ile inayorudi baada ya kufichwa huonekana mpya kabisa.

Hapa inafaa kutaja skrini. David Hockney, mchoraji wa Uingereza, alianza mwaka 2009 kuchora maua kwa kidole kwenye simu yake na kuwatumia marafiki, na majira ya kuchipua ya mwaka 2020 alikuwa Normandy, Ufaransa, akichora miti ikichanua kwenye iPad, kazi 116 zilizoonyeshwa London mwaka 2021. Kwa kuwa zilichorwa kwa mwanga, maua kama hayo hayapotezi kitu yakitazamwa kwenye fremu ya kidijitali. Kwa mchoro wa mafuta nisingeshauri fremu hiyo. Skrini inaung'arisha, inaufuta ule mgongo wa rangi ulioachwa na brashi, na usiku inageuka taa usiyoihitaji. Pia picha zinazobadilika kila dakika huchosha jicho haraka kuliko isiyobadilika kabisa. Aliye na fremu hiyo aipange ibadilishe mara moja kwa siku.

Nakshi kwenye kitambaa na ukuta

Mwaka 1964 ni mwaka wa kukumbukwa kwa yeyote anayependa maua ya bapa. Huko Finland, Armi Ratia, mmoja wa waasisi wa kampuni ya vitambaa ya Marimekko iliyoanzishwa mwaka 1951, alikuwa ametangaza kwamba kampuni yake haitachapa maua, kwa hoja kwamba ua ni zuri likiwa limeota na haliongezeki uzuri kwenye kitambaa. Mbunifu wake Maija Isola akapuuza agizo hilo na kubuni Unikko, neno la Kifini lenye maana ya popi, na nakshi hiyo ikawa ndiyo inayotambulisha kampuni hadi leo. Mwaka huohuo, mjini New York, msanii Andy Warhol alichapa maua yake manne kwenye turubai ya mraba, yasiyo na juu wala chini, unayoweza kuyatundika upande wowote. Aliyatoa katika picha ya maua ya haibiskasi iliyopigwa na Patricia Caulfield na kuchapishwa katika jarida, na mpigapicha huyo alimshtaki mwaka 1966. Haibiskasi, nakubali, si ua la majira ya kuchipua hata kidogo, lakini jambo lililofanyika pande zote mbili ni moja: ua lilinyang'anywa kivuli, kina na harufu, likabaki umbo na rangi.

Kwa nini hilo limhusu mnunuzi wa mapazia? Kwa sababu pazia halitazamwi likiwa limetandazwa kama dukani, bali likiwa na mikunjo. Shada lililochorwa kwa uhalisia, lenye vivuli na petali zilizogeuzwa, huvunjikavunjika ndani ya mikunjo na kuonekana kama kitambaa chenye madoa. Umbo kubwa la bapa huvumilia, kwani nusu ya ua bado inasomeka kuwa ua. Kwa kitambaa kinachonyooka, kama kile cha meza au pazia la kukunja kwenda juu, nakshi yenye maelezo mengi inafaa, na hapo kazi za William Morris, mbunifu wa Uingereza, bado ziko mbele ya nyingi za leo. Nakshi yake ya tulipu na majani ya mwilo (kwa Kiingereza, willow), aliyoibuni mwaka 1873, hakuridhika na buluu yake hadi alipofaulu kuichapa kwa nili katika karakana yake ya Merton Abbey miaka ya 1880. Ukiwa dukani, fuata ukaidi huo. Ua zuri lenye buluu mbaya ni kitambaa kibaya.

Kitambaa kina sifa ambayo picha haina: hutumiwa. Foronya hushikwa, hulaliwa, hufuliwa, na kwa kuwa mkono unaikuta kila siku, haizoeleki kwa namna ileile. Huchakaa, ndiyo, lakini huchakaa pamoja nawe, na kubadilisha foronya mbili wakati majira yanapogeuka ni kazi ya dakika tano. Fua kwa maji baridi, ukiwa umeigeuza ndani nje, na mapazia ya upande wa jua yawekewe bitana.

Karatasi ya ukutani ndiyo njia ninayoishauri kwa woga. Kwanza, hairudi nyuma: aliyechoka na ua la ukutani hana pa kulificha. Pili, nakshi kubwa hula karatasi. Tuseme ukuta una upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.4, na roli lina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05, vipimo vilivyozoeleka vya Ulaya. Ukuta huo unahitaji vipande 8. Karatasi isiyo na nakshi ya kulinganisha, ukiacha sentimita 5 za kukata, hutoa vipande 4 kwa roli, hivyo maroli 2 yanatosha. Nakshi inayojirudia kila sentimita 64 inadai kipande cha mita 2.56 ili ua likutane na ua, nawe utapata vipande 3 tu kwa roli moja, na maroli yanakuwa 3. Mabaki yanayotupwa ni maua uliyoyalipia. Ukiitaka sana, ibandike kwenye ukuta mmoja mfupi, katika sehemu ya kupita na si ya kukaa: ukumbi mwembamba, choo cha wageni, ngazi. Hapo jicho hukutana nayo kwa sekunde chache kila mara, na kile kinachochosha ukikaa nacho saa tatu hupendeza ukikipita.

Kuhusu maua ya bandia

Sitayarefusha. Hayabadiliki kama maua mabichi, hayakuzwi wala kufikiriwa upya kama picha, na hukusanya vumbi ambalo hakuna mtu hulifuta. Ninakiri kwamba Piet Mondrian, mchoraji wa Uholanzi aliyetaka kuondoa kijani machoni pake, aliweka tulipu ya bandia yenye jani lililopakwa rangi nyeupe katika makao yake mjini Paris, na picha iliyopigwa hapo na André Kertész mwaka 1926 ni nzuri sana. Lakini lile jani jeupe halikudanganya mtu yeyote kuwa ni jani, na maua ya bandia ya madukani yanajaribu kudanganya.

Kuchagua

Anayeshinda nyumbani na kufanya kazi mezani achague maua mabichi, au tawi, au hayasinti kwenye chupa, kwa sababu yuko pale kuona mabadiliko anayoyalipia. Anayetoka alfajiri na kurudi usiku atalipia tulipu ambazo zitafunguka na kujifunga bila shahidi, naye picha moja kubwa inamfaa zaidi, itundikwe mahali anapoiona akiwa amelala au amekaa, si nyuma ya mlango. Chumba chenye giza kinachukua picha na kitambaa vizuri kuliko chumba chenye jua, ambacho kingefaidi maua ya siku chache badala ya vitu vitakavyopauka humo kwa miaka. Aliyepanga nyumba, au anayehamahama, achukue kitambaa: hukunjwa, huingia sandukuni na hakiachi alama ukutani. Mwenye watoto wadogo na paka achukue vitambaa viwili na picha moja, maua mabichi ayape likizo.

Ikiwa lazima uchanganye, usichanganye ua lilelile. Tulipu za kweli chini ya picha ya tulipu huifanya picha ionekane kama lebo ya bidhaa. Tawi tupu la mlozi karibu na foronya yenye popi kubwa za bapa huelewana, kwa sababu kimoja ni mstari na kingine ni doa la rangi.

Na chombo kinunuliwe kwa kuzingatia kalenda. Kile chenye mawimbi cha glasi alichobuni Alvar Aalto, msanifu wa Finland, mwaka 1936 na kuonyesha Paris mwaka 1937 ni mfano mzuri wa kuangalia. Mdomo wake ni mpana na maua machache huanguka kila upande, kwa hiyo hudai ama mengi ama tawi moja linaloegemea pembe, na tulipu kumi ndani yake huhangaika. Lakini kwa kuwa msimu wa maua ya majira ya kuchipua ni wiki chache tu, chombo chochote kitakaa kitupu mezani kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hicho, kikiwa kitupu karibu na dirisha, bado kina jambo la kufanya na mwanga.